Rimu za zamani za gari la michezo: ipi ifufuliwe Lubumbashi, ipi isafiri, ipi ipumzike

Mwenye gari la michezo la zamani akifika kwa fundi hapa Lubumbashi, swali lake la kwanza huwa la rangi: tupige ya fedha, tupige nyeusi, au tung'arishe mpaka mtu ajione? Fundi naye, kwa kuwa anataka kazi, hujibu, "Papa, hii janti iko mzuri, tupake tu." Wote wawili wameanzia mwisho. Rimu mbili zinaweza kufanana kwa mbali, moja ikawa kazi ya siku mbili katika karakana ya komini ya Kenya, hapa hapa mjini, na nyingine isifae hata kupuliziwa mchanga. Kinachozitenganisha ni metali, na metali ndiyo inayoamua pesa zako ziende wapi.

Nalinganisha hapa aina tano: chuma cha karatasi, spoku, alumini ya kusubu, alumini ya kufuliwa, na magnesiamu. Sitazipa nafasi sawa, maana hazileti shida sawa.

Sumaku, mkono na siki

Vua tairi, osha rimu upande wa nyuma. Huko nyuma ndiko kuna habari: jina la kiwanda, upana kwa inchi, mara nyingi hata tarehe. Halafu leta sumaku. Ikinata, ni chuma. Isiponata, una alumini au magnesiamu, na hapo usibahatishe. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya magnesiamu ina gramu 1.74, kwa hiyo rimu ya magnesiamu hunyanyuka kwa wepesi unaoshangaza mkono. Kama huna nyingine ya kulinganisha nayo, kwaruza mahali padogo nyuma mpaka metali tupu ionekane, kisha dondoshea siki ya jikoni. Magnesiamu hutoa mapovu papo hapo. Alumini hukaa kimya. Suuza, kausha vizuri, funika mkwaruzo.

Fanya hivyo kabla ya mtu yeyote kuwasha mashine ya kusaga. Sababu utaiona mbele.

Chuma cha karatasi dhidi ya spoku

Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, liliuzwa na rimu za chuma za inchi 14. BMW 2002 lilikuwa na za inchi 13. Mercedes SL ile ya 1963 hadi 1971, wanayoiita Pagoda, ilificha chuma chini ya vifuniko vilivyopakwa rangi ya bodi. Watu huzivua rimu hizi na kuzitupa nyuma ya nyumba. Mimi kwa barabara zetu naziweka juu. Chuma hupinda kabla ya kupasuka, na kilichopinda hunyooka kikiwa baridi, kwa presi na fundi mwenye subira. Kutu ya juu hutoka. Rangi hushika.

Kipimo chake ni rahisi: funga rimu kwenye kitovu cha gari lenyewe, gari likiwa juu ya vigogo, weka ncha ya waya au geji ya saa karibu na ukingo, zungusha polepole. Ikiyumba zaidi ya milimita moja hivi, kando au juu na chini, rudisha kwenye presi. Mahali pa kuwa mkali ni katikati. Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti, au matundu yaliyopanuka kwa sababu nati zililegea miaka mingi, ni mwisho wa rimu hiyo. Mafundi wetu wa kulehemu hupenda kujaza matundu hayo na kuyatoboa upya. Kataa.

Spoku ni habari nyingine, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndizo zinazopendwa kuliko zote na zinazoeleweka kidogo kuliko zote. MGB ya mwaka 1962 na kuendelea ilipatikana na rimu za spoku 60. Jaguar E-Type ya 1961 ilikuja na spoku 72. Rimu hizi hazifungwi kwa bolti nne au tano. Zinavaliwa juu ya kitovu chenye meno, kisha nati moja kubwa ya katikati inazikaza.

Watu huangalia spoku zilizovunjika. Hizo ni shida ndogo. Spoku hubadilishwa moja moja, na mji ambao baiskeli zake hubeba makala, yaani mkaa, kwa magunia hauna upungufu wa watu wanaojua kunyoosha gurudumu kwa kukaza hapa na kulegeza pale. Kanuni ni ileile. Gari lakini lina safu mbili au tatu za spoku zenye urefu tofauti, na katikati ya rimu hakukai sawa na ukingo wake. Umbali huo lazima upimwe kabla ya kulegeza spoku hata moja, la sivyo tairi litarudi likigusa bodi.

Shida kubwa ni meno. Ingiza kidole ndani ya kitovu cha rimu. Meno mazima yana vichwa bapa. Yaliyokwisha yamechongoka, makali. Gari likianza kuondoka au likishika breki unasikia "tak" kutoka nyuma. Hakuna fundi wa kufufua meno hayo kwa bei inayoeleweka, na ukivisha rimu mpya juu ya kitovu kilicholika, kitovu kitaila rimu mpya pia. Kwa hiyo bei ya spoku usiihesabu kwa rimu nne. Ihesabu kwa rimu nne na vitovu vinne, mpaka meno yakuthibitishie vinginevyo.

Jambo la pili ni upande. Nati za katikati za upande wa kushoto na wa kulia zina nyuzi zinazopingana. Ukisimama kando ya gari, nati hufunguka kwa kugeuzwa kule gurudumu linakoelekea gari likienda mbele, upande wowote uliopo. Mpangilio huo ndio unaofanya nati ijikaze yenyewe safarini. Mtu akifungua gari lote kwa matengenezo na kurudisha vitovu vikiwa vimebadilishana pande, nati zitajifungua zenyewe. Kwa magari yaliyopita mikono mingi, hakikisha hili kwanza. Kwa kukazia tumia nyundo ya shaba, isiyokwangua kromu. Mji wa shaba hauwezi kukosa nyundo ya shaba.

Na kromu yenyewe? Wengi wanaitaka. Kiwandani, rimu za kawaida za E-Type zilipakwa rangi ya fedha; kromu ilikuwa ya kuongeza pesa. Anayejua jinsi shaba inavyosafishwa kwa umeme kule Shituru, Likasi, ataelewa tatizo haraka: metali ikipandishwa kwa umeme ndani ya maji ya asidi, haidrojeni huzalishwa na kuingia ndani ya chuma. Spoku ni chuma kigumu kilichovutwa, na haidrojeni hukifanya kivunjike ghafla bila kupinda. Dawa ni kuzichoma kwenye tanuri la karibu nyuzi 200 kwa saa kadhaa, mara tu zinapotoka kwenye kromu. Karakana isiyoweza kukuambia inafanya hivyo saa ngapi baada ya kromu, usiiachie spoku zako. Rangi ya fedha inatosha, na ndiyo halisi. Ukitaka kung'aa, nunua spoku za chuma cha pua.

Kumbuka pia kwamba rimu hizi hutumia tyubu, kwa sababu ukingo umetobolewa kwa ajili ya kila nipeli, yaani nati ndogo ya kukazia spoku, na juu ya nipeli huvishwa mkanda wa mpira ili zisitoboe tyubu. Matope yetu mekundu hujikusanya mle ndani na kushika maji. Kwa gari la Jumapili wakati wa kiangazi, spoku ni furaha. Kwa anayeendesha Januari, mvua ikiwa imefunika mashimo ya barabara ya Kipushi, ningechagua chuma cha karatasi bila kufikiri mara mbili, ingawa kwa gari la spoku kuhamia kwenye rimu za bolti kunadai kubadilisha vitovu.

Alumini ya kusubu dhidi ya alumini ya kufuliwa

Kwa macho ni metali moja. Ya kusubu imemiminwa ikiwa maji ndani ya kalibu. Ya kufuliwa imekandamizwa ikiwa ngumu na ya moto, na nyuzi zake za ndani zimelala kufuata umbo. Mfano wa kufuliwa unaojulikana kuliko wote ni ule wa majani matano uliotengenezwa na Otto Fuchs wa Meinerzhagen, Ujerumani, kwa ajili ya Porsche 911 S ya modeli ya 1967, upana wa inchi 4.5 kwa kipenyo cha 15. Za kusubu ni nyingi mno kuzitaja: karibu kila rimu ya miaka ya 1970 na 1980 yenye miguu minane au mitano, pamoja na Watanabe za Japani zinazopendwa na wenye Datsun.

Tofauti inaonekana siku ya shimo. Ya kufuliwa hupinda, na ikiwa imepinda kidogo ukingoni huweza kunyooshwa. Ya kusubu hupasuka, au hupinda ikiwa na ufa usiouona. Usiamini jicho. Kuna rangi nyekundu ya kupenya inayotumiwa na wakaguzi wa mitambo migodini, makopo matatu tu: la kusafishia, la rangi, na la unga mweupe. Unapulizia rangi kwenye metali tupu iliyosafishwa, unasubiri, unafuta, unapulizia unga. Ufa hujichora mwenyewe kwa mstari mwekundu. Kati ya kila ninachopendekeza hapa, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kulipia, kabla ya rangi yoyote. Na Lubumbashi tuna bahati: watu wanaojua kazi hiyo wako migodini.

Ufa ukipatikana, swali ni uko wapi. Ukingoni kwa ndani, fundi mzuri wa kulehemu kwa gesi ya argoni anaweza kuufunga, na mji huu unao mafundi hao, waliojifunzia kwenye mabomba ya chuma cha pua ya viwanda vya shaba. Ukiwa kwenye mguu wa rimu, kwenye tundu la bolti au karibu na kitovu, usifungwe. Rimu nyingi za alumini zilipata nguvu zake kwa kupikwa: kwanza kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, kuzamishwa ghafla, kisha kuokwa polepole kwenye nyuzi 150 na kitu. Moto wa kulehemu unafuta kazi hiyo pembeni mwa kiungo, na hakuna atakayerudia mapishi yote kwa ajili ya rimu yako moja. Utakuwa na kiungo kizuri kilichozungukwa na metali laini.

Kwa Fuchs kuna jambo la pekee. Uso wake wa asili umeanodishwa, yaani umevishwa ngozi ngumu ya oksaidi kwa umeme, na haung'ai kama kioo. Una mng'ao wa hariri. Fundi akiweka gurudumu la kusaga juu ya ngozi hiyo atachoka na kuikwangua vibaya, kwani ni ngumu kuliko alumini yenyewe. Hutolewa kwa soda kali kwa dakika chache, chini ya macho ya mtu anayejua kuacha. Baada ya hapo metali iko uchi, na vumbi letu na mvua vitaitia madoa usipoianodisha tena au kuipaka rangi angavu. Hizi ndizo rimu pekee katika orodha hii ambazo ningezitia kwenye sanduku na kuzipeleka Afrika Kusini bila kunung'unika. Thamani yake inalipa safari.

Asidi, hapana. Malori ya asidi ya salfuriki yanapita mjini kila siku na kuna watu watakuambia wanayo kidogo ya kuoshea rimu. Kwa alumini ya kusubu, asidi huingia kwenye vitundu vidogo, hukaa humo, na kufumua rangi mpya baada ya miezi.

Magnesiamu, peke yake

Campagnolo, kampuni ya Vicenza inayojulikana zaidi kwa vifaa vya baiskeli, ilitengeneza rimu za magnesiamu za Lamborghini Miura. Minilite za kwanza za Uingereza, zile za miguu minane zilizovaliwa na Mini za mbio, zilikuwa magnesiamu. Cromodora za Italia, baadhi. Zilikuwa nyepesi kuliko zote, na zilitengenezwa kwa ajili ya msimu wa mbio. Hakuna aliyefikiria kuwa zitakuwa bado barabarani baada ya nusu karne.

Magnesiamu huliwa na unyevu kutoka ndani ya vitundu vyake. Palipogusana na chuma, kwenye bolti na kwenye kitovu, huliwa haraka zaidi. Ukizipulizia mchanga uliokwisha kutumika kwenye chuma, chembe za chuma hubaki ndani ya uso na kuanzisha ulaji mpya chini ya rangi. Ukizisaga, vumbi lake hushika moto, na moto huo haumwagiwi maji: maji yanauzidisha kwa kutoa haidrojeni. Mchanga mkavu ndio unaozima.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya watu wengine kabisa. Rimu zilizopasuka huishia kwa wanaonunua vyuma chakavu, na kutoka hapo kwa mafundi wanaoyeyusha alumini kusubu sufuria. Rimu ya magnesiamu ikitumbukizwa kwenye tanuri hilo kwa kudhaniwa alumini, wanaosimama karibu wataungua. Ukiitupa, iandike kwa rangi kubwa ni nini, au usiitupe.

Kuzifufua kwa kutumia barabarani kunahitaji picha za eksrei, dawa ya kuvika uso ambayo ina sumu, na rangi ndani ya saa chache baada ya kusafisha. Hapa hatuna mnyororo huo ukiwa kamili. Msimamo wangu: zisafishwe kwa mkono, zipakwe, zibaki na gari kwa siku ya maonyesho, na barabarani lipite juu ya nakala za alumini za umbo lilelile.

Poda, rangi ya kupuliza, kung'arisha

Sasa ndiyo tufike kwenye rangi.

Poda huvutwa na umeme kwenye rimu kisha huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200. Ni ngumu na haimeguki kirahisi kwa kokoto. Ila ni nene, na unene huo ukikaa kwenye kiti cha nati au kwenye uso unaogusana na kitovu, hupondeka ukikaza na nati hulegea baada ya siku chache. Mwambie fundi afunike sehemu hizo, na uzikague mwenyewe kabla ya kulipa. Poda pia haikubali kiraka: ikimeguka, rimu yote irudi tanurini, na alumini ya zamani haipendi kuokwa mara kwa mara. Kwa chuma cha karatasi naichagua poda. Kwa alumini ya kusubu yenye vitundu, hewa iliyofungwa humo hutoka kwa joto na kuacha malengelenge.

Rangi ya kupuliza ya viungo viwili haihitaji tanuri, hukubali kiraka, na gereji yoyote nzuri ya bodi inayo. Adui zake ni majira yetu: mvua zikinyesha kuna unyevu, zikikatika kuna vumbi. Aprili, mvua zikimalizika na upepo haujaanza, ndiyo naona inafaa. Fundi avae barakoa yenye chujio halisi; kitambaa hakizuii mvuke wa kigumishi. Na anayepulizia mchanga avae pia, maana mji wa wachimbaji unajua vumbi la mchanga linafanya nini kwenye mapafu.

Kung'arisha ni kwa mwenye muda. Sina zaidi ya kusema.

Kufufua au kununua mpya

Kwa spoku, mara nyingi mpya hushinda. Bado zinatengenezwa Uingereza kwa vipimo vya zamani, na Borrani wa Italia bado wapo kwa wenye mfuko. Ukijumlisha spoku, kromu na kunyoosha kwa zile zako zilizolika meno, mpya zitakuwa zimekaribia. Kwa chuma cha karatasi, kufufua hapa hapa hushinda kila mara. Kwa alumini ya kusubu, inategemea ile rangi nyekundu: bila ufa, fufua, ukiwa kwenye mguu, nunua.

Mpya isiwe nakala ya kutupwa. Tafuta alama ya ubora ya JWL ya Japani au cheti cha ukaguzi cha TÜV cha Ujerumani, na mzigo wa juu ulioandikwa kwa kilo, halafu ulinganishe na uzito wa gari lako. Alama hughushiwa, kwa hiyo jina la muuzaji lina uzito kuliko muhuri. Pima tundu la katikati na umbali wa bolti: 240Z ni bolti nne kwa milimita 114.3, 911 ni tano kwa 130. Rimu "inayokaribia kuingia" ni rimu isiyoingia.

Anayesafirisha apite mpaka wa Kasumbalesa akiwa na karatasi zinazoonyesha kwamba rimu zinatoka kwa matengenezo, zikiwa na picha na namba za nyuma. Bila hizo, zikirudi zikimeremeta forodha itaziona ni mpya, na huna la kujibu.

Usisahau matairi katika hesabu. 911 S ya kwanza ilivaa 165 HR 15, na kipimo hicho chenye alama ya mwendo mkubwa hakipatikani kwenye rundo la kwado, fundi wa matairi wa kando ya barabara. Matairi yakifika, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la "mpya" lililokaa ghalani miaka tisa huvaliwa na wengi hapa bila kujua.

Siku ya kufunga, kwado aweke mbali bomba lake refu la kukazia. Nati za alumini za Fuchs hukazwa kwa spana ya kupimia, Nm 130, kwa msalaba na si kwa mzunguko. Vipande vya balansi vya kubandika viende upande wa ndani, visiharibu ukingo uliolipiwa. Kisha rudia kukaza baada ya kilomita 100 hivi, yaani usimame kando kabla hujafika Likasi.